Doa Lililokataa Kusogea

Jumatatu, 8 Septemba

Muhula umeanza. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya Kemia, lakini mwalimu wa Kemia anataka lenye mistari mipana, kwa hiyo limebaki bila kazi. Nitaandika humu yale nisiyoweza kuyasema, na hayo ni mengi. Darasani wananiita Maktaba. Si kwa ajili ya vitabu tu. Wanasema ukiwa karibu nami ni lazima ukae kimya.

Klabu ya Anga imebaki na watu wanne. Mwaka jana tulikuwa kumi na mmoja. Leo mkuu wa shule alikuja mpaka kwenye chumba chetu nyuma ya maabara, akatazama dari, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Chumba kikavu hiki," akasema.

Stoo ya mitihani inavuja. Amemwambia mwalimu wetu wa Fizikia kwamba klabu isipotoa kitu cha kuonekana kabla muhula haujaisha, chumba kitakuwa stoo. Mwalimu akajibu, "Tumekusikia, mkuu." Mkuu alipotoka, mwalimu aliendelea kufuta ubao ambao ulikuwa umeshafutika.

Chumba hicho ndicho mahali pekee shuleni ninapoweza kuanza sentensi na kuimaliza.

Alhamisi, 11 Septemba

Kituo cha kutazama anga kule mlimani kimetukubalia! Tutakwenda tarehe tatu Oktoba. Tutagawanywa wawili wawili, na kila wawili watapewa zamu kwenye darubini kubwa wapige picha yao wenyewe ya sayari.

Nimepangwa na Redio. Anaitwa hivyo kwa sababu anaanza kuongea kengele ya kwanza na hazimiki mpaka ya mwisho. Hata akinyamaza unamsikia anajiandaa. Nilikwenda chooni nikakaa dakika tano.

Jumanne, 16 Septemba

Mawingu.

Ijumaa, 19 Septemba

Mwalimu ametufundisha jinsi sayari inavyopigwa picha. Nilidhani unabonyeza mara moja, basi. Kumbe unarekodi video ya dakika mbili yenye maelfu ya fremu, yaani picha moja moja, na karibu zote ni mbaya kwa sababu hewa inacheza. Aliweka sarafu ndani ya ndoo ya maji, akatikisa ndoo, akatuambia tuisome sarafu. Kuna sekunde chache maji yanapotulia na maandishi yanaonekana. Kompyuta inazitafuta sekunde hizo, inazibandika fremu zake pamoja moja juu ya nyingine, na kutoka humo inapatikana picha moja safi.

"Yaani tunaokota mazuri tu, mabaya tunatupa?" Redio akauliza. "Mwalimu, hivyo ndivyo mama yangu anavyosimulia ndoa yake."

Wote walicheka. Mimi nilicheka baadaye, nikiwa njiani.

Alhamisi, 25 Septemba

Mama ananishonea koti kwa kitambaa kilichobaki kwenye kazi ya mteja. Amenipima mabega mara tatu.

"Simama wima. Ukiinama hivyo kwenye vipimo, koti litatoka limeinama."

"Sijainama, mama."

"Umeinama tangu darasa la tano."

Nalala saa tano, naamka saa nane, nachungulia dirishani. Mawingu. Narudi kitandani. Naamka saa tisa.

Ijumaa, 3 Oktoba

Safari imeahirishwa. Kituo kimepiga simu asubuhi, tumeshapanga mstari na mifuko yetu: mlima wote uko ndani ya wingu. Tutajaribu wiki ijayo. Redio alibaki amekaa juu ya begi lake getini, akasema hashuki mpaka basi lije. Mlinzi alimwondoa kwa kumwambia kwamba begi limekaa juu ya siafu.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua jioni. Mkuu amepita tena chumbani kwetu na futi ya kupimia.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumerudi. Nina usingizi mpaka herufi zinaogelea, lakini nisipoandika leo nitaanza kuzipanga kumbukumbu vizuri kuliko zilivyokuwa.

Tulifika mlimani Ijumaa alasiri. Kituo ni nyumba nne ndogo na kuba moja jeupe, na upepo haukomi hata kidogo. Aliyetupokea ni fundi wa mitambo, mwanamke mwembamba aliyevaa buti za mpira na kofia ya sufu. Hakutaka kuitwa mwalimu wala mhandisi. "Niiteni dada, nitageuka," alisema. Akatuonyesha kamera, boksi dogo kuliko kopo la maziwa, lililo wazi upande mmoja. Ndani yake kuna kioo kidogo kama ukucha kinachopokea mwanga.

"Sheria ni moja," Dada Fundi akasema. "Kioo hiki hakiguswi. Ukiona unyoya au vumbi, niite nije na kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo. Mdomo una mate, hata mdomo wa mtu mpole." Alinitazama mimi kwa sababu nilikuwa mbele. Au nilihisi hivyo.

Usiku wa Ijumaa, mawingu. Jumamosi jioni tulipata Zohali kwa dakika kumi na moja. Mwaka huu pete yake imetuelekea kwa ukingo, inaonekana kama uzi.

"Nimetapika mara mbili ndani ya basi," Redio akasema, "nije kuona yai lililochomwa sindano?"

Wale wenzetu wawili wa klabu walipewa Zohali hiyo. Sisi tukapewa Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, ambayo huchomoza usiku wa manane na kufika juu karibu na alfajiri. Tuliamshwa saa tisa na nusu. Sikuwa nimelala. Anga lilikuwa jeusi na wazi kiasi kwamba nilishika ukuta.

Dada Fundi alituwekea darubini ielekee Mshtarii, mashine zikawa zinaifuata polepole ili sayari isitoke kwenye picha. Kisha akaitwa nje, mlango wa kuba ulikuwa unagongagonga. Ilibaki tu kuifunga kamera mahali pake. Redio alikuwa ananisimulia habari za mjomba wake na mbuzi. Nikaigeuza kamera, nikaona unyuzi mdogo mweupe kwenye kioo, nadhani wa koti langu jipya. Ilinibidi niite. Mlango uko hatua kumi. Ilinibidi niseme kwa sauti, "Dada, kuna unyuzi." Maneno matatu.

Nilipuliza. Unyuzi ukaruka. Nikaifunga kamera.

Tulirekodi video ya kwanza saa kumi na dakika arobaini. Likaja wingu. Tukangoja bila kugusa kitu. Wingu likapita, tukarekodi ya pili saa kumi na moja na robo, yenye ukungu kidogo, kisha kukaanza kupambazuka. Redio alinyamaza muda wote wa kurekodi. Nilimtazama nikidhani anaumwa. Mdomo wake ulikuwa wazi na machozi yanamtoka, akasema ni upepo. Ndani ya kuba mlikuwa hamna upepo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Leo baada ya vipindi tumeichakata video ya kwanza. Kompyuta ya klabu ilichukua saa nzima. Mshtarii ikatokea na mikanda yake ya kahawia, na lile Doa Jekundu maarufu lililo kwenye kila kitabu. Na chini yake, karibu na katikati, doa jingine. Jeusi-kijivu, la mviringo. Haliko kwenye kitabu chochote chumbani.

"Maktaba," Redio akaninong'oneza. Sijawahi kumsikia akinong'ona. Kisha akapiga kelele, mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko.

Tulipima kwa rula kwenye skrini. Mshtarii sentimita kumi na mbili, doa sentimita moja na nusu. Kwa kipimo hicho dunia yetu yote, na bahari zake na shule zake, ni sentimita moja na kidogo.

"Tusikimbie," mwalimu akasema. "Huenda ni dhoruba mpya, huenda ni kitu kingine. Nitawaandikia kituo." Lakini aliisogeza kompyuta karibu, akatazama tena. Mkuu alikuwa ameshafika mlangoni, kelele zimemwita.

Jumatano, 15 Oktoba

Mkuu ametangaza mstarini. Karatasi aliyopewa na mwalimu ilikuwa na neno "huenda". Niliiona ikiandikwa. Mkuu aliliruka kama mtu anavyoruka dimbwi. "Wanafunzi wetu wamegundua doa jipya kwenye sayari ya Mshtarii!" Picha itachapishwa kubwa, iwekwe fremu, ionyeshwe Siku ya Wazazi, tarehe kumi na nne Novemba, mbele ya afisa elimu. Na chumba? "Chumba ni chenu. Nani ataigusa klabu kama hii?"

Watu mia saba walipiga makofi. Nilisimama wima. Mama angefurahi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua. Kituo hakijajibu. Watoto saba wa kidato cha kwanza wamejiandikisha klabuni.

Jumatano, 22 Oktoba

Ningependa kuandika kwamba niliitafuta kasoro. Sikuitafuta. Nilitaka kuliona doa tena, kwa raha zangu. Nikabaki peke yangu chumbani baada ya vipindi, nikaichakata ile video ya pili harakaharaka, kwa kuwa ina ukungu na hakuna aliyejali.

Mshtarii inajizungusha upesi kuliko dunia. Kwa muda wa saa kumi hivi tu, imemaliza siku yake. Kati ya video ya kwanza na ya pili zilipita dakika thelathini na tano, kwa hiyo kila kilicho juu yake lazima kiwe kimesogea. Nikaziweka picha mbili sambamba. Doa Jekundu lilikuwa limesogea karibu sentimita mbili. Mkunjo mweupe kwenye mkanda wa juu ulikuwa umesogea. Kila kitu kimesogea kuelekea upande mmoja, kama watu wanaoelekea sokoni.

Doa letu lilikuwa palepale.

Nikapima. Nikapima kutoka kona ya picha badala ya ukingo wa sayari. Nikabadilisha rula, nikachukua ya chuma. Palepale. Sayari inazunguka, doa limegoma. Kitu pekee ambacho hakikusogea kati ya zile video mbili ni kamera. Doa haliko Mshtarii. Liko kwenye kioo kidogo kama ukucha, na nalijua lilivyofika pale. Ni mate yangu.

Nje mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati la maabara mpaka sikusikia nilivyokuwa nikipumua. Nikazima kompyuta. Nikaiwasha tena, nikapima tena.

Alhamisi, 23 Oktoba

Sikusema.

Ijumaa, 24 Oktoba

Sikusema. Stoo ya mitihani imeingia maji, wamehamishia maboksi ofisini kwa mkuu. Amekaa kati yake kama mfanyabiashara ambaye hajapata wateja.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nilikusudia kumwambia Redio mapumzikoni. Nikamkuta chumbani kwetu, peke yake, amekalia meza, anasoma kitabu kikubwa cha sayari, kile ambacho ni mimi tu huazima.

"Usinisemeshe, Maktaba, nitapoteza mstari."

Nikangoja. Akageuza ukurasa.

"Nimefika ukurasa wa themanini na tatu. Mimi! Baba amesema nikimaliza kitabu chochote duniani ataninunulia saa. Nikamwambia sitaki saa, nataka kujua hii dhoruba yetu inaendeshwa na nini." Akainua uso. "Unajua watu wanadhani nikiongea sina ninachofikiria? Nafikiria sana. Ila zamani sikuwa na cha kufikiria."

Nikamwambia nimekuja kuchukua chaki.

Nimekaa naye dawati moja karibu miaka miwili na nilikuwa nimeshamaliza kumjua.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua usiku kucha. Mama amenikuta jikoni saa tisa alfajiri, nimekaa gizani.

"Ni mvulana?"

"Mama! Ni sayari."

"Afadhali ingekuwa mvulana, ningejua pa kuanzia."

Akakaa. Akangoja, lakini mama hawezi kungoja mikono mitupu, akaanza kufumua pindo la sketi ya mteja. Nikamwambia kwamba kuna kazi nimeikosea na watu wameshaisifia.

"Imekwenda kwa mwenyewe au bado iko mezani?"

"Inakwenda tarehe kumi na nne."

"Basi bado unaifumua bure," akasema. "Ikishavaliwa, unaifumua na mtu yumo ndani."

Halafu akanifukuza nikalale. Sikulala, ila nilikwenda.

Jumatatu, 3 Novemba

Seremala ameleta fremu. Ni kubwa kuliko mlango wa stoo. Ndani yake Mshtarii inang'aa, na mkuu ameagiza uchorwe mshale mwekundu unaoelekeza kwenye doa. Mshale mwekundu! Watoto wa kidato cha kwanza walisimama mbele yake wakanyooshea vidole mate yangu.

Kituo bado hakijajibu. Mwalimu anasema radi imekata mawasiliano mlimani.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemwambia Redio.

Tulikuwa tumejificha mvua chini ya upenu wa maabara. Nilitoa maneno yote kwa pumzi moja: unyuzi, kupuliza, video ya pili, rula ya chuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo peke yake lilinitisha.

"Ulipuliza," akasema.

"Ndiyo."

"Dada Fundi alisema usipulize, wewe ambaye unasoma hata maandishi ya kwenye sanduku la kiberiti, ukapuliza. Kwa nini hukumwita?"

"Ningelazimika kupaza sauti."

Akanigeukia. "Mimi nilikuwa hapo hapo, Maktaba! Nina sauti ya kugawa! Ungenigusa tu bega, ningemwita mimi."

Sikuwa nimefikiria hilo. Wallahi, katika wiki zote hizi sikuwa nimelifikiria.

"Tangu lini unajua?"

"Tarehe ishirini na mbili."

"Siku kumi na nne." Akahesabu tena kwa vidole. "Umeniacha nimemsimulia baba. Nimemsimulia kondakta wa basi. Nimefika ukurasa wa mia na arobaini!"

Akatoka kwenye mvua bila kujifunika. Alipofika katikati ya uwanja akageuka, akapaza sauti, "Mimi nasema kila kitu, lakini hili silisemi! Hili ni lako!"

Alhamisi, 6 Novemba

Redio hazungumzi. Na mtu yeyote. Mwalimu wa Historia amempima joto.

Ijumaa, 7 Novemba

Hazungumzi. Darasa limekuwa kama nyumba ambayo saa ya ukutani imesimama.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua. Nilikwenda mpaka mlango wa ofisi ya walimu, nikarudi. Mara tatu. Mara ya tatu mhudumu aliniuliza kama natafuta choo.

Jumatano, 12 Novemba

Nimemwambia mwalimu. Sikubisha hodi, kwa sababu nikibisha huwa narudi kabla sijajibiwa. Nikaingia, nikaweka picha mbili mezani, na rula katikati.

"Mwalimu, shikamoo. Naomba upime."

Alipima. Niliona sekunde aliyoelewa, uso wake ulilegea wote. Nikamweleza kuhusu mate. Kisha akavua miwani.

"Ile video ya pili nilikuwa nayo tangu tuliporudi," akasema. "Kila siku nilikuwa naipita. Nilijiambia ina ukungu." Akafuta miwani, akaivaa, akaivua tena. "Mwanafunzi kukosea ni kazi yake. Kupima ilikuwa kazi yangu. Sikupima kwa sababu nilikitaka chumba."

Hata mimi nilikitaka, nikasema.

"Utakikosa."

"Najua."

"Mkuu nitamwambia mimi, hiyo ni sehemu yangu. Ijumaa, mbele ya wazazi, nani atasema?"

Nilitazama buti zake zenye tope. Nilitaka kusema "wewe, mwalimu". Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Mimi," nikasema. Sijui neno hilo lilipita wapi.

Ijumaa, 14 Novemba

Asubuhi mkuu alituita, mimi na mwalimu. Maboksi ya mitihani yamemzunguka, moja limelowa mpaka limevimba. Hakufoka. Aliuliza kama hatuwezi kungoja wageni waondoke. Mwalimu akasema, "Mkuu, tukingoja, tutakuwa tumewadanganya kwa chai na keki." Mkuu akasugua macho. "Basi mshale mwekundu ufuteni angalau."

"Naomba ubaki," nikasema. Wote wawili wakanigeukia.

Ukumbi ulijaa. Wazazi, afisa elimu mwenye koti la kijivu, mama katika safu ya nne. Niliitwa. Kutoka kitini hadi mbele ni hatua ishirini na mbili. Kufika mbele nikakuta karatasi yangu imelowa jasho, wino umetambaa, sioni hata mstari.

Nikasimama. Mtu akakohoa. Nilikuwa naanza kugeuka nilipomwona Redio akitoka mwisho wa ukumbi, anakuja mbele na ile picha ya pili aliyoichapisha yeye mwenyewe, sijui lini. Akaiinua kando ya ile yenye fremu. Akanipa rula.

"Hizi ni picha mbili," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. Sauti ya nyuma ikasema, "Hatusikii!" Nikarudia. "Zimepishana dakika thelathini na tano. Naomba mniambie ni nini kimesogea."

Watu wakaanza kutazama. Mtoto mmoja akasema lile jekundu. Nikapima, nikataja sentimita. Mzee mmoja akasema ule mkunjo mweupe. Nikapima. "Na hili la mshale je?" Ukumbi wote ukainama mbele. Nikapima mara mbili. "Halijasogea. Mshtarii nzima imezunguka, lenyewe limebaki. Kwa hiyo haliko Mshtarii." Nikavuta pumzi. "Liko ndani ya kamera. Nilipuliza kioo kwa mdomo baada ya kuambiwa nisipulize. Ni tone la mate yangu. Nililijua siku ishirini na tatu zilizopita, nikanyamaza. Tunaomba radhi. Ninaomba radhi."

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha baba yake Redio, namjua kwa kuwa wanafanana mpaka nyusi, akanyoosha mkono. "Binti, samahani. Kwa hiyo mate yako ni makubwa kuliko dunia?"

Redio alikuwa wa kwanza kucheka. Ukumbi ukamfuata, na hata mama alifunika uso kwa mkoba. Afisa elimu hakucheka, ila alitoa kalamu akauliza, "Rudia hapo pa kupima kutoka kona." Nikarudia. Sikumaliza mapema, nadhani. Mkuu alilazimika kugonga meza.

Alipokuwa anatoka alinipita mlangoni. "Umenivua koti mbele ya afisa," akasema. Halafu, baada ya hatua mbili, "Ulisikika, lakini."

Jumatatu, 17 Novemba

Chumba kimechukuliwa. Si adhabu, mkuu ametueleza mwenyewe, na naamini: Jumapili mvua imeharibu maboksi mawili. Watoto watano kati ya wale saba wamejitoa. Tumepewa kabati moja na ufunguo wake. Kompyuta inarudi maabara Ijumaa saa sita mchana.

Nimelia kidogo. Nimelala saa kumi mfululizo.

Ijumaa, 21 Novemba

Siku ya mwisho. Naandika nikiwa nimekaa juu ya boksi la mitihani ya Jiografia, kompyuta inaunguruma, imebaki saa moja na robo.

Ni wazo la Redio. Alikuja Jumanne asubuhi, akasema tusiiache ile video ya pili bila heshima, ilituambia ukweli na tuliichakata kama tunafukuzwa. "Hatuiachii mashine ichague," akasema. "Tuchague sisi." Kwa siku tatu, mapumziko yote, tumepitia fremu moja moja, elfu sita na zaidi, na kuokota mia mbili na kumi ambazo hewa ilikuwa imetulia. Alikuwa anaongea muda wote. Ukurasa wa mia mbili na sita, anasema, ndipo panapokuwa pazuri.

Picha imetoka sasa hivi. Tone langu lipo, limejaa tele. Lakini kushoto, kwenye mkanda mweupe, kuna kitone cheusi, kidogo kama ncha ya sindano, cha mviringo kamili. Kwenye ile picha yetu ya harakaharaka hakikuonekana, kilikuwa kimemezwa na ukungu.

Redio ameruka mpaka kabati limetikisika. "Maktaba! Nimwite mwalimu? Nimwite mkuu? Nipande juu ya bati?"

Nami nataka kuruka, sikatai. Inawezekana ni kivuli cha mwezi mmoja wa Mshtarii ukipita mbele yake. Kama ni hivyo, basi hatujagundua kitu. Kila mtu mwenye jedwali la miezi alijua dakika ambayo kivuli hicho kingepita. Na inawezekana vilevile ni tone la pili.

"Kaa," nikamwambia.

"Nikae vipi?"

"Kaa, Redio. Fungua video ya kwanza, tuanze kuchagua upya. Kama ni tone, mle kitakuwa palepale; kama ni kivuli, kitakuwa kwenye ukingo, ndiyo kwanza kinaingia."

Amekaa. Mpishi anapita na masufuria, mwalimu amesimama mlangoni na waya za kompyuta mkononi, hajasema tuharakishe. Nje hakunyeshi. Tumefika fremu ya mia nne na tisini, na kwenye ukingo, mara moja tu, kabla hewa haijacheza tena, nimeona kama umeng'atwa.

"Umeona?" Redio ananiuliza.

"Nimeona. Rudisha nyuma. Leta rula."